Mbeti, Vipepeo Wako Tumewakunjua

Ni mwaka mmoja sasa tangu cherehani yako inyamaze, Mbeti, na ploti nzima hapa Huruma bado haijazoea. Jecinta wa mlango wa pili anasema alikuwa akijua wakati wa kusonga ugali kwa kusikia miguu yako ikipunguza mwendo. Tangu uende, ugali unamwungulia. Tunakuambia hili mapema ili ujue kwamba hatukuketi hapa kukusifu tu. Kuna watu wana malalamiko yao.

Gazeti, kwa tangazo la kumbukumbu yako, lilitaka picha moja na maneno machache. Mdogo wako Nthoki akawaka. "Maneno machache? Dada yangu hakuwahi kumpunja mtu hata kipande cha bitana, leo ndiye apunjwe yeye?" Basi tukaachana na gazeti. Haya yatasomwa hapa nyumbani baada ya maombi, halafu tutayabandika mlangoni, kila anayepanda ngazi ajisomee. Atakayechoka na akae pale pale kwenye ngazi, ngazi ni za wote.

Ulituacha mwaka wa njaa, ule wa unga wa manjano, wakati hata mbuzi walioletwa soko la Kiamaiko walikuwa mbavu tupu. Uliingia hospitali umevaa sweta ya mumeo Mulwa, ukatuonya mtu yeyote asiiguse ile blauzi iliyo kwenye cherehani, kwamba utakuja kuimalizia kola. Hukurudi. Blauzi ilikaa pale pale, sindano imeizamia, hadi mwenyewe, mteja wako Khalayi, alipokuja kuichukua. Tulimwambia atafute fundi aimalizie. Alikataa kabisa. Huivaa hivyo hivyo kanisani, kola upande mmoja, na sisi tumemzoea.

Wapo watakaosoma hapa ambao hukuwahi kuwapima, na hao wana bahati mbaya. Kumpima mtu kwako ilikuwa shughuli. Mteja alisimama pale dirishani akavuta tumbo ndani kwa haya, nawe ukaiacha futi ining'inie shingoni, ukaanza kumpigia domo: habari za mama mkwe wake, habari za yule jogoo aliyelala kwenye godoro la mgeni, mpaka mtu anaangua kicheko. Hapo ndipo ulipozungusha futi, chap! Ulikuwa ukisema, "Nguo hushonewa mtu anayepumua. Mtu akipimwa amejikaza, siku ya sherehe akila wali tu vifungo vinaruka vinampiga mchungaji." Yonis, mwuza mbuzi wa Kiamaiko uliyemshonea kanzu, anaapa kwamba hajawahi kuvaa kanzu nyingine akasujudu kwa raha kama ile.

Tena ulikuwa na mikasi miwili. Mmoja ulikuwa na kitambaa chekundu kwenye mpini, huo ni wa nguo, na ole wake atakayeukatia karatasi. Mulwa, mumeo, mtu mzima, mchonga vinyago mwenye patasi zake mwenyewe, aliukatia bahasha siku moja. Ulimnyima chai. Hakurudia tena, na hata leo akiuona mkasi ule huupisha njia.

Na lile lako la kipepeo nalo. Sote tumekua tukiambiwa kwamba kipepeo akiingia ndani ya nyumba mgeni yuko njiani, lakini ni wewe tu uliyekuwa ukiinuka kweli kuongeza kikombe kimoja cha maji kwenye sufuria. Mgeni asipotokea, ulimgongea Jecinta ukuta. "Njoo," unamwambia, "basi mgeni ni wewe." Jecinta anasema alinenepea kwenye hizo chai.

Sasa tumfikie Mulwa, maana mengi ya haya ni habari zake, na yeye mwenyewe hawezi kuandika hata mstari.

Tulipokurudisha nyumbani Mwala ukalazwa karibu na baba mkwe wako, Mulwa alipewa nafasi ya kusema neno. Alisimama, akatutazama, akakaa. Tukadhani ni uchungu wa siku ile. Lakini tuliporudi Nairobi akaendelea vivyo hivyo. Ukimsalimu anaitikia, ukimuuliza kitu anajibu kwa neno moja, basi. Kule karakana Shauri Moyo mambo yakawa mabaya zaidi. Unajua mwenyewe alivyokuwa: akishika gogo humwona mnyama aliyemo ndani, kazi yake ni kumwondolea tu vipande vinavyomzunguka. Sasa aligeuza gogo hivi, akaligeuza vile, akaona kuni. Alipolazimisha, swara akavunjika shingo. Wa pili naye shingo. Akamkabidhi Maingi, mwenzake wa karakana, patasi zake zote zikiwa zimefungwa kwenye gunia, akaja kukaa nyumbani.

Matanga huwa na watu, Mbeti. Watu hulala hadi chini ya meza. Kisha kila mmoja anarudi kwake, na hapo ndipo msiba unapoanza. Mulwa, yule aliyekuwa akilalamika kwamba wateja wako hawamwachii hata stuli, alikaa akisikiliza viatu vinapanda ngazi, vinapita, vinaishia kwa wengine. Alitamani hata mtu apotee mlango. Kavata, binti yenu, alikuwa akitoka kazini jioni anamkuta amekaa alipomwacha asubuhi, chai imeganda utando juu.

Alasiri moja akakumbuka lile lako la kipepeo. Sasa kipepeo atoke wapi huku, ghorofa ya tatu, na vumbi lote hili? Hakuna ua, hakuna jani. Mulwa alijicheka kidogo, anasema, halafu akainuka.

Nyuma ya mlango ulikuwa umeacha furushi la karatasi, zile za ndani ya mifuko ya simiti ulizokuwa ukizipangusa na kuzinyoosha kwa pasi ili uchoree nguo. Karatasi za wateja zilikuwa kwenye misumari, kila moja na jina lake, na hizo Mulwa hakuzigusa, ni mali za watu. Furushi la nyuma ya mlango halikuwa na jina. Akadhani ni mabaki. Akachukua ule mkasi mwingine, usio na kitambaa, akakata mraba wa upana wa kiganja chake. Akaukunja kuanzia pembeni, mkunjo mwembamba, akaubana kwa ukucha, akaugeuza, mkunjo mwingine, hivyo hivyo hadi mraba ukawa ufito. Akakata mwingine akaukunja vilevile. Akaziunganisha fito hizo mbili kiunoni kwa uzi wako mweusi, akazifungua ziwe mabawa, na ncha za uzi akaziacha zitokeze ziwe pembe. Akamning'iniza kipepeo huyo kwenye fremu ya mlango, akaenda kuteleka chai, na kwa haya kama mtu anayeiba, akaongeza kikombe kimoja cha maji.

Chai haijachemka, hodi! Ni Jecinta. Alikuwa anaomba chumvi. Alimwona kipepeo, akaviona vikombe viwili mezani, akaketi akalia. Chumvi aliisahau.

Tangu siku hiyo Mulwa akawa anamkunja kipepeo mmoja kila jioni. Alijiwekea sharti: hafungi uzi kabla hajakumbuka jambo moja lako. Sifa hakuzitaka, alitaka jambo lililotokea. Kuna jioni alizokaa na ufito mkononi hadi giza likaingia, anautazama ukuta, midomo inacheza kidogo, kisha vidole vinafunga uzi haraka kama vile jambo lenyewe litatoroka. Akimaliza anaosha mikono, anakula. Na anakula vizuri, tukamshukuru Mungu.

Alitandaza kamba kutoka dirishani hadi kabatini, vipepeo wakajaa. Vijana wa ploti wakaanza kusimama mlangoni. "Mzee, hizo vipepeo zako ni poa, tufunze basi." Jecinta akaja kujifunza kwa ajili ya marehemu mumewe, Bedan. Mulwa akampa karatasi kutoka lile furushi, akamweleza sharti kwa maneno machache kuliko haya. Jecinta akaketi, akaanza, "Bedan alikuwa mcha Mungu, mpole, mwenye..." Mulwa akatikisa kichwa. Ilichukua muda. Mwishowe Jecinta akasema, "Alikuwa analala na soksi. Hata Februari, na joto lake lote." Mulwa akamwonyesha kwa kidole: funga. Yonis naye akaja kwa ajili ya mama yake aliyezikwa mbali sana huko kwao kaskazini, akaondoka na wake, akamtundika juu ya boma la mbuzi, mahali ambapo mbuzi hawafiki kumla.

Sisi jamaa tulifurahi, na tuliogopa pia. Mulwa alikumbuka akafunga, akakumbuka akafunga, na yote yakabaki kwake. Kavata akimuuliza, "Baba, leo umekumbuka nini?" alijibiwa, "Mambo." Mtoto naye alikuwa na kiu yake ya kumsikia mama yake akitajwa. Unamjua Kavata alivyokuwa akicheka, kicheko cha kusikika hadi kwenye mfereji wa maji kule chini. Ulipoondoka kikaenda. Alibaki na tabasamu, lile la kumridhisha mtu aache maswali, na nguo zake zote zikaanza kumpwaya.

Basi siku za harusi yake na Chege zikakaribia. Ulimwacha Chege akiwa bado mchumba wa kupita na kusalimu, na lori lake ameliegesha mbali kwa heshima. Harusi ilikuwa imesogezwa kwa ajili yako, na wazee wa pande zote mbili wakakubaliana ifanyike kabla ya ibada hii ya leo, ili uambiwe habari iliyokamilika. Nthoki akaja kutoka Mowlem na mfuko wake wa pini. Satini uliinunua mwenyewe, ilikuwa imelala sandukuni na vipande vya sabuni ili isinuke ukungu. Nthoki akaitoa, akaipiga busu, akafunga kanga kiunoni.

"Haya shemeji, nipe karatasi ya gauni. Dada aliniambia pale hospitali, gauni la Kavata amelichora lote, mbele na nyuma, liko nyuma ya mlango. Yangu ni kukata tu."

Mulwa akautazama mlango. Kisha akatazama juu.

Nthoki naye akatazama juu, kwenye kamba, vipepeo wakigeuka taratibu kwa upepo wa dirishani. Kwenye bawa la mmoja aliona mstari wa chaki ya bluu. Kwenye mwingine, namba kwa mwandiko wako.

"Shemeji," akasema polepole. "Niambie sivyo."

"Haikuwa na jina," Mulwa akajibu.

"Haikuwa na jina! Ya nyumbani iandikwe jina ya nini? Wewe uliwahi kuandikiwa jina kwenye sahani yako ndiyo upakuliwe? Mulwa wewe! Umemkata mtoto gauni ukamtundika darini!"

Fundi mwenzako angejua, Mbeti. Angeuona mviringo wa kwapa, angeuona mstari wa kiuno. Lakini mchongaji hana karatasi katika kazi yake. Kwake mnyama yumo ndani ya mti, na chaki ni vumbi. Miaka yote mliyolala chumba kimoja na cherehani, hakuwahi kuuliza ile mistari ni ya nini, nawe hukuwahi kudhani kuna mtu duniani asiyeijua.

Kavata alikuwa amesimama mlangoni, ndoo ya maji bado mkononi. "Wachana nayo, Auntie," akasema. "Baba, si neno. Ziko za kukodi River Road, nyingi tu. Nitapata." Akatabasamu lile tabasamu lake, akaweka ndoo chini, akaenda dirishani kutazama mbuzi wakipelekwa Kiamaiko. Aliwatazama muda mrefu sana kwa mtu aliyezaliwa akiwaona.

Mulwa alibaki ameketi chini ya kamba yake. Alikuja kutuambia baadaye kilichokuwa kikimtafuna. Kila kipepeo alikuwa ameshika kitu chako. Je, akiulegeza uzi, kitu hicho kikatoka kikaenda zake? Umri wake si wa kuokota upya kila kilichoanguka. Alikuona ukifukiwa mara moja, hakutaka kushika jembe mwenyewe. Na pale dirishani mgongo wa mtoto wake ulikuwa mwembamba, bega la kushoto chini kuliko la kulia, vilevile kama alivyozaliwa. Gauni gani la kukodi litakalokaa kwenye mabega yale? Alijua hakuna. Akaenda kulala bila kukunja, mara ya kwanza tangu aanze.

Asubuhi Nthoki, aliyekuwa amelala hapo hapo, aliamshwa na mlio wa stuli ikiburutwa. Mulwa alikuwa juu yake, mkono kwenye kamba. Alishuka na kipepeo mmoja, akaketi sakafuni, akachukua sindano, akaanza kufumua fundo. Uzi ukalegea. Na hapo, Mbeti, huyu mtu aliyekuwa akituitikia kwa neno moja mwaka mzima, akafungua mdomo.

"Huyu ni siku aliponinyima chai," akasema. "Kwa ajili ya mkasi."

Akakunjua karatasi, akailaza kwenye saruji, akailainisha kwa kiganja. Akainuka akamchukua wa pili.

"Huyu ni twiga. Kinyago cha kwanza nilichompa. Alikitazama sana, akaniuliza, kwani huyu punda shingo imemfanyaje?"

Kavata alikuwa kitandani nyuma ya pazia. Tukasikia kitanda kikilia, akatoka na shuka mabegani, akaketi chini karibu na baba yake.

"Huyu ni vile alivyolamba uzi kabla ya kuutunga. Hata ukiwa umeshaingia kwenye tundu, anautoa, anaulamba.

"Huyu ni wewe, Kavata. Alipokupakata mara ya kwanza wenzake wakasema mtoto mzuri. Yeye akasema bega moja liko chini, huyu nguo zake nitashona mimi mwenyewe hadi aolewe.

"Huyu ni namna alivyokuwa akiimba tenzi, anaruka ubeti wa tatu kila mara kwa sababu hakuupenda mwendo wake."

Nthoki akawasha pasi ya makaa. Akawa anapokea karatasi, anapiga pasi mikunjo, anaitafutia jirani yake kwa mistari ya chaki: begani, kiunoni, pindoni. Sakafu ikaanza kuwa gauni. Ikafika saa ya chai, hakuna aliyeinuka. Mulwa alikuwa anazungumza tu, sauti imekwaruza kwa kutotumika, na kila uzi alioufumua alituachia kitu mikononi. Mengine tulicheka. Mengine Nthoki alimwambia, "Shemeji, hilo ungelikumbukia kimoyomoyo, kuna mtoto hapa."

Akamshika mmoja akamgeuza mara kadhaa.

"Huyu ni siku ile," akasema. "Aliniambia, Mulwa, tangu asubuhi hujala, nenda ukatafute kitu. Nikaenda. Nilikula viazi karai pale nje ya geti la hospitali. Vilikuwa vitamu. Niliporudi walikuwa wamemfunika."

Nthoki akaiweka pasi kando. Kavata akauchukua mkono wa baba yake, akauchukua na uzi, wakaulegeza pamoja. Tulilia wote, Mbeti, na hatuna haja ya kukuficha. Halafu karatasi ile ikapata mahali pake, upande wa mbavu, na Mulwa akainuka kumchukua mwingine. Alituambia baadaye kwamba hapo ndipo alipogundua hakuna kilichotoroka, maana sasa hata Kavata alikuwa nacho.

Vipepeo waliokuwa nje wakaletwa. Jecinta alikuja na wake amemfunika kwa vitambaa kama yai. Hakukubali mtu mwingine amfumue. Akafumua mwenyewe, akasema, "Bedan, soksi, nisamehe," akatoa karatasi, ikawa ni ncha ya mkono. Yonis alipanda ngazi anahema. Akasimama kizingitini, akasema, "Huyu ni mama yangu. Alikuwa anatugawia maziwa, yeye anasema ameshiba." Akamfumua kwa vidole vyake vikubwa bila kuchana hata kidogo. Mmoja tu hatukumpata. Mulwa alimfunga kwenye msalaba wako kule Mwala, na mvua ikamchukua. Alikuwa kipande cha pindo, Nthoki akakijazia kwa macho.

Tukaziunganisha kwa gundi ya unga. Nthoki akazunguka karatasi nzima, akasimama kwenye kifua, akakuna kichwa. "Hapa dada alikosea," akasema. "Kifua hiki ni cha Kavata na mwenzake." Lakini mkono wako haukuwa wa kubishaniwa, hasa na Nthoki uliyemfundisha kushika sindano. Akachukua mkasi wenye kitambaa chekundu, akakata satini ulivyochora. Cherehani yako ikaamka. Wiki hiyo ugali wa Jecinta haukuungua.

Siku ya kujaribisha, Kavata alisimama dirishani, pale pale ulipokuwa ukisimamisha watu. Mabega yalikaa, lile la chini na lile la juu. Urefu ulikaa. Kifuani na mbavuni gauni likapwaya, likamning'inia mtoto hadi Nthoki akafumba macho. "Amekonda," akasema, pini mdomoni. "Sitaki mtu aseme dada yangu hakujua kupima. Nitapunguza hapa na hapa."

"Ngoja," Mulwa akasema. "Kavata, mama yako alikupima lini?"

Kavata akafikiri. "Siku watu wa kina Chege walipokuja mara ya kwanza. Walipoondoka tu akanisimamisha hapa. Akaanza kumwigiza yule mjomba wa Chege aliyekalia mkeka wenye vifaranga chini yake, vile alivyokuwa anainuka na kuomba msamaha kwa kila mmoja." Akaushika ukingo wa dirisha. "Nilicheka nikashindwa kusimama, nikamshika mabega. Ndipo akanipima."

Mulwa akamtazama Nthoki. "Basi hapo pa wazi si kosa," akasema. "Hapo ni pa kucheka. Paache."

"Shemeji, ataingia kanisani kama mtu aliyevaa pazia."

"Paache."

Nthoki akazitoa pini moja moja. Mabaki ya satini Mulwa aliyakunja vipepeo weupe, akawarudishia Jecinta na Yonis waliotoa wao. Aliyakata kwa mkasi wako wa kitambaa chekundu, na kwa kuwa ni nguo, tunadhani humnyimi chai.

Jumamosi iliyopita ilikuwa harusi. Mulwa alimshika Kavata mkono wakaingia, na tunakuambia kweli, tulisikia wanawake wa viti vya nyuma wakinong'ona kwamba gauni ni zuri lakini la kuazima. Nthoki aligeuka akawapa jicho, wakaimba kwa bidii. Kavata alitembea na tabasamu lake lile lile, vidole vimekunja satini ubavuni ili isionekane ilivyo kubwa. Mchungaji akauliza ni nani anayemtoa binti huyu aolewe na mwanamume huyu. Mulwa alikuwa amefanyishwa mazoezi. Alitakiwa kusema, "Ni mimi, baba yake."

Akasafisha koo. "Ni Mbeti," akasema, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni. "Mimi nilimkatia tu karatasi."

Mchungaji akatazama kitabu chake kama kwamba jibu hilo huenda limo. Na hapo, Mbeti, Kavata akacheka. Kicheko kilianza tumboni, akajaribu kukizuia, kikamshinda, kikatoka chote, kile chako na chake, cha kusikika hadi kwenye mfereji. Akaiachilia satini aliyokuwa ameikunja, akamshika baba yake mabega ili asianguke. Nthoki alikuwa kiti cha mbele, akaona kwa macho yake. Gauni lilijaa. Kifuani, mbavuni, kote. Hapakubaki nafasi ya kupitisha kidole.

Wanaokukumbuka leo ni mumeo Mulwa, aliyerudi kazini Jumatatu na tayari ana swara mmoja mwenye shingo nzima. Binti yako Kavata na mkweo Chege, ambaye sasa anaegesha lori karibu. Mdogo wako Nthoki wa Mowlem, anayekuomba radhi kwa kusema ulikosea. Jamaa wote wa Mwala. Na wageni wako, Jecinta, Yonis na Khalayi mwenye kola moja. Karatasi ya gauni tumeirudisha nyuma ya mlango. Hatukuiandika jina.

Kipepeo mmoja mweupe yuko kwenye fremu ya mlango, na kwenye sufuria tumeongeza maji ya kikombe kimoja. Daima tutakukumbuka, Mbeti, na daima tutayaongeza.